Maswali ya Wasomaji: Kisima Kirefu cha Nyumbani, Kibali Chake na Usalama wa Maji Yake

Tangu mvua zilipokatika, barua nyingi zinazoifikia safu hii zinahusu visima virefu ambavyo wananchi wa Dodoma na mikoa ya jirani wanachimba majumbani na mashambani mwao. Mkazi wa huku hahitaji kuelezwa sababu kwa kirefu: msimu wa mvua ni mmoja tu, wastani wake ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, mji umepanuka kwa kasi tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, na maji ya mgao yakichelewa mwenye uwezo humwita mchimbaji. Barua zilizochaguliwa tumezifupisha bila kubadili maana yake.

Mhariri, salaam. Nimenunua kiwanja Ihumwa na hati ninayo mkononi. Mchimbaji niliyezungumza naye ananiambia kwamba ardhi ikiwa yangu, maji yaliyo chini yake ni yangu pia, na kwamba kibali ni cha viwanda na mashamba makubwa tu. Majirani zangu wawili wamekwisha kuchimba bila kuandikiana na mtu. Je, anayosema ni kweli?

Ndugu yangu, si kweli, na umefanya vizuri kuuliza kabla mtambo haujaingia kiwanjani. Hati inakupa haki ya kuitumia ardhi. Haikupi umiliki wa maji yaliyo chini yake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inasema kwamba maji yote ya Tanzania Bara, yaliyo juu na yaliyo chini ya ardhi, ni mali ya umma na yamewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anayetaka kuyachukua kwa kisima kirefu cha mtambo huomba kibali kwa bodi ya maji ya bonde lake. Sheria hiyo hiyo haimbani mwananchi anayekinga maji ya mvua kwenye paa lake kwa matumizi ya nyumbani, wala yule anayechota kwenye kisima kifupi kilichochimbwa kwa mkono kwa ajili ya kunywa, kupika na kufua. Kisima kirefu chenye pampu hakimo katika nafuu hiyo, hata kama kinahudumia nyumba moja.

Nchi imegawanywa katika mabonde tisa, na mipaka yake hufuata mwelekeo wa maji bila kujali mipaka ya wilaya. Jiji la Dodoma, pamoja na Ihumwa, limo katika Bonde la Wami/Ruvu, kwa sababu maji ya Mto Kinyasungwe huishia kwenye Mto Wami. Bodi yake ina makao makuu Morogoro na ofisi hapa Dodoma. Ukielekea Manyoni na Singida unaingia Bonde la Kati, ambalo bodi yake ipo Singida, na vijiji vya kusini ambavyo mito yake hushuka Mtera vimo katika Bonde la Rufiji. Ninaeleza hivi kwa sababu nimeona maombi yakikaa muda mrefu bila kujibiwa kwa kuwa yalipelekwa ofisi ambayo siyo.

Utaratibu wenyewe una hatua zinazofuatana, na ubaya huanza pale mtu anapoziruka. Kwanza hufanyika utafiti wa eneo, yaani mtaalamu hupitisha umeme ardhini kwa vifaa vyake na kusoma jinsi tabaka za udongo na mwamba zinavyoupokea, kisha huandika taarifa inayoonyesha mahali pa kuchimba na kina kinachotarajiwa. Taarifa hiyo huambatanishwa na ombi lako la kuchimba, pamoja na ramani ya kiwanja, matumizi unayokusudia na kiasi cha maji unachohitaji kwa siku. Baada ya kuchimba, mchimbaji anapaswa kuandaa taarifa ya kukamilika kwa kisima, yenye kina chake, aina ya mwamba kwa kila hatua, mahali zilipowekwa bomba za kesingi (zinazoshikilia kuta za shimo) zenye matundu na zisizo na matundu, matokeo ya upimaji wa wingi wa maji, na matokeo ya maabara. Hapo ndipo kibali cha kutumia maji hutolewa, kikitaja kiasi na matumizi. Mchimbaji mwenyewe lazima awe na leseni ya Wizara ya Maji. Mwombe akuonyeshe, na usome tarehe ya mwisho ya leseni hiyo. Viwango vya ada hupangwa kwa kanuni kulingana na matumizi na hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo vichukue ofisini kwa bodi siku unapoomba, wala usikubali kumkabidhi mchimbaji fedha za ada ili akulipie.

Wasomaji wengi huona kibali kuwa ni njia nyingine ya kukusanya fedha. Sikubaliani nao, na sababu yangu ipo hapa hapa Dodoma. Chini yetu kuna mwamba wa itale, ambao hauna nafasi ya kuhifadhi maji isipokuwa kwenye nyufa zake na kwenye tabaka la juu lililooza. Kwenye visima vya Makutupora na Mzakwe, ambavyo kwa miongo mingi ndivyo vilivyolinywesha jiji hili, kina cha maji kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo hivyo vinaonyesha kwamba maji hayarudi ardhini kila mwaka kwa usawa. Miaka mingi ya mvua ya kawaida haiongezi chochote cha maana, kwa sababu jua na mimea huyamaliza kabla hayajazama. Maji hupanda katika misimu michache ya mvua kubwa, na mkubwa kuliko yote katika kumbukumbu hizo ni ule wa El Niño ya 1997/98. Hii ina maana kwamba maji unayoyavuta leo huenda yaliingia ardhini kabla mtoto wako hajazaliwa, na kwamba kila kisima kisichoandikishwa ni mchoto ambao bodi haiuoni inapopiga hesabu ya kilichobaki. Katika hesabu hiyo sheria imeweka mpangilio: mahitaji ya msingi ya binadamu hutangulia, yakifuatiwa na mahitaji ya mazingira, ndipo zije shughuli za kiuchumi. Mwenye kisima cha nyumbani ambaye ameandikishwa anajulikana kuwa yupo katika kundi la kwanza. Asiyeandikishwa hajulikani, na siku mtu wa kiwanda akiomba kibali mita mia mbili kutoka kwake, hana karatasi ya kuwekea pingamizi.

Mheshimiwa mhandisi, nilichimbiwa kisima cha mita 110 hapa Nala. Mchimbaji aliniandikia kwamba kinatoa lita 4,000 kwa saa, nikanunua pampu ya lita 3,000 kwa saa ili nisikikamue. Pampu inavuta vizuri kwa muda wa nusu saa na dakika chache, halafu inaanza kutoa hewa na kukata. Nikiipumzisha saa mbili inavuta tena. Nimebadilisha pampu, tatizo ni lile lile.

Pampu haina kosa, na ninasikitika kwamba umenunua mbili. Tupige hesabu pamoja, kwa sababu barua yako kamili ina takwimu zote zinazohitajika. Umeandika kwamba maji yaliyotulia yapo mita 50 kutoka juu na pampu imening'inizwa mita 100, maana yake juu ya pampu una maji ya kina cha mita 50. Kisima chenye kipenyo cha milimita 150 hubeba lita 17.7 hivi katika kila mita moja, kwa hiyo kuna takriban lita 885 zilizosimama ndani ya bomba kabla hujawasha. Pampu yako inatoa lita 50 kwa dakika. Kama mwamba ungeingiza lita 50 kwa dakika, maji yasingeisha. Lakini yanaisha baada ya dakika 35, yaani lita 25 hivi za kila dakika zinatoka kwenye akiba iliyosimama na lita 25 nyingine ndizo zinazoingia kutoka kwenye nyufa. Kisima chako kinatoa lita 1,500 kwa saa. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu uingiaji hubadilika kadiri maji yanavyoshuka, ila haiwezi kufika 4,000.

Takwimu ya 4,000 ilitoka wapi? Kwa kawaida hutokana na upepo wa kompresa siku ile ile ya kuchimba: mchimbaji hupuliza hewa, maji yanaruka juu, anakinga ndoo kwa dakika chache na kuzidisha. Kipimo hicho kinasaidia kujua kama kuna maji au hakuna, na hakifai kabisa kuchagulia pampu. Upimaji wa kweli huteremsha pampu, huvuta kwa kiwango kisichobadilika kwa saa nyingi, mara nyingi saa 24, huku mtu akiandika kina cha maji kila baada ya dakika kadhaa, kisha pampu ikizimwa anaendelea kuandika jinsi maji yanavyopanda. Ni kazi ya kuchosha na ina gharama, na ndiyo inayofutwa kwanza mteja anapoomba punguzo. Laiti ningekuwa na uwezo, ningeandika kwenye kila mkataba wa uchimbaji kwamba malipo ya mwisho hayatolewi mpaka karatasi ya vipimo hivyo iwe mezani.

Kwa sasa usichimbe kisima kingine. Weka pampu ndogo ya lita 1,000 au 1,200 kwa saa, iendeshe saa kumi kwa siku, utapata lita 10,000 na zaidi, kiasi kinachotosha familia kubwa na bustani yake. Ongeza tanki la juu ili uvute polepole na utumie haraka. Funga pia kihisi kinachozima pampu maji yakishuka, kwa kuwa pampu ya kuzamisha hupozwa na maji yanayoizunguka, na ikizunguka kavu mota huungua. Na karatasi yako ya bodi, kama ipo, irekebishwe isomeke wingi wa kweli.

Mimi ni mama ninayeishi Nkuhungu. Tulipeleka maji ya kisima chetu maabara. Jibu linasema kuna vijidudu vya kinyesi, na nitrati ni 21. Nimesoma kwamba mwisho ni 50, basi upande huo nikatulia. Maji nayachemsha sana, hata mara mbili, kwa sababu nina mtoto wa miezi mitatu ambaye namtengenezea maziwa ya kopo. Je, inatosha?

Mama, tafadhali kuanzia leo usitengeneze maziwa ya mtoto kwa maji hayo. Sababu nitaieleza taratibu, lakini hilo lisisubiri.

Umeambatanisha nakala ya karatasi ya maabara, na mbele ya ile 21 kumeandikwa NO3-N. Herufi ile ya mwisho ina maana kwamba maabara imepima nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati, si nitrati yenyewe. Ili kupata nitrati unazidisha kwa 4.43, na jibu lako linakuwa miligramu 93 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 50 kwa nitrati, sawa na 11.3 kikiandikwa kwa nitrojeni. Kwa hiyo maji yako yamekaribia kukizidisha kikomo hicho mara mbili. Maabara haikukosea, ila karatasi zetu za majibu huandikwa kana kwamba kila mama amesoma kemia, na ningependa kuona mstari mmoja wa maelezo chini ya kila jibu.

Kuchemsha huua vijidudu, na kwa hilo umefanya jambo jema. Nitrati haiuawi na moto wala haitoki na mvuke. Maji yanapopungua sufuriani, nitrati hubaki katika maji machache zaidi, kwa hiyo kuchemsha mara mbili kunaizidisha. Kwa mtu mzima mwenye afya kiasi hicho hakileti madhara ya papo kwa papo. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita anayenyonya chupa ni jambo zito, kwa kuwa tumboni mwake nitrati hugeuka kuwa nitriti, nayo huizuia damu kubeba oksijeni. Dalili yake ni midomo na kucha kuwa za rangi ya bluu au kijivu, na mtoto kulegea. Ukiona hivyo mwahishe hospitali na uwaambie kuhusu maji. Kama hana dalili yoyote, badilisha maji tu: tumia ya bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, au ya chupa, hadi atakapopita umri huo. Hata ya bomba yachemshe, mara moja inatosha. Mjamzito naye atumie maji hayo mengine.

Nitrati na vijidudu vya kinyesi vinapoonekana pamoja katika kisima cha mjini, mara nyingi mzizi wake ni mmoja, yaani mashimo ya vyoo. Sehemu kubwa ya nyumba zetu hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Kila kiwanja kina karo na shimo la kunyonya, na viwanja ni vidogo. Wengi wamesikia kwamba choo kiwe mita 30 kutoka kwenye kisima. Kipimo hicho kinafaa pale maji yanapopita taratibu kwenye mchanga unaoyachuja. Katika itale yenye nyufa maji machafu yanaweza kufuata ufa mmoja kwa mbali zaidi bila kuchujwa, kwa hiyo mita 30 ichukuliwe kuwa ya chini kabisa, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Kagua pia kichwa cha kisima chako. Kesingi inapaswa kutokeza juu ya ardhi, iwe na kifuniko kinachobana, na izungukwe na zege lenye mteremko. Chini ya zege hilo, mita kadhaa za kwanza kati ya kesingi na ukuta wa shimo zinatakiwa kuzibwa kwa saruji. Nimekuta visima ambavyo nafasi hiyo ilijazwa kifusi tu, na maji ya mvua ya uani yalikuwa yakishuka moja kwa moja hadi kwenye maji ya kunywa.

Ukishaziba, kisima kisafishwe kwa klorini. Kwa kisima chenye maji ya kina cha mita 60 na kipenyo cha milimita 150, kiasi cha maji ni lita 1,060 hivi. Tunataka miligramu 50 za klorini kwa kila lita, yaani gramu 53, na kwa kuwa unga wa klorini unaouzwa una nguvu ya asilimia 65 hadi 70, utahitaji gramu 80 hivi. Unga uyeyushwe kwanza kwenye ndoo ya plastiki, mahali penye hewa, mikono ikiwa na glavu. Kisha mwaga kisimani, washa pampu na urudishe maji kisimani kwa mpira mpaka harufu ya klorini isikike kwenye kila bomba la nyumba, halafu acha usiku kucha. Asubuhi vuta na kumwaga mbali na mimea hadi harufu iishe. Baada ya wiki moja au mbili chukua sampuli nyingine katika chupa iliyotakaswa na maabara yenyewe, acha bomba litiririke dakika tano kabla ya kukinga, na uifikishe ikiwa kwenye barafu siku hiyo hiyo, ndani ya saa sita ukiweza. Vijidudu vikirudi, ujue vinaingizwa kila siku, na hapo dawa ya mara moja haitoshi. Itabidi maji yatiwe klorini kila siku kwenye tanki. Kwa tanki la lita 5,000, gramu 15 za unga huo hutoa miligramu 2 kwa lita; subiri nusu saa kabla ya kutumia.

Nitrati yenyewe klorini haiigusi. Mtambo wa nyumbani wa kuchuja kwa utando huiondoa, pamoja na chumvi, lakini fahamu kwamba mitambo mingi midogo ya aina hiyo humwaga maji mengi kuliko yanayochujwa, na hayo yanayomwagwa yana chumvi zaidi ya yale ya kisimani. Mimi ningekitumia kisima hicho kwa kufua, kudeki na choo, na kununua maji ya kunywa.

Shikamoo. Tupo Manyoni, wilaya yenye historia ya meno ya kahawia. Kisima chetu kipya kina floridi 3.2. Fundi anataka kutuuzia chujio la mchanga na mkaa. Litasaidia?

Marahaba. Chujio la mchanga na mkaa wa kuni halitaondoa floridi; litaondoa tope na harufu. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita, na kiwango cha taifa sasa ni hicho hicho, ingawa kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi 4 vijijini kwa kukosa vyanzo vingine. Mkaa unaofanya kazi hiyo ni wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto linalodhibitiwa, ambao umefanyiwa kazi kwa muda mrefu katika kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kule Ngurdoto, Arusha. Huchoka baada ya muda na lazima ubadilishwe, kwa hiyo usilinunue chujio lake bila kupanga nani atapima maji yanayotoka. Njia nafuu zaidi kwenu ni kukinga mvua ya paa kwenye tanki lililofunikwa na kuichanganya. Sehemu moja ya kisima kwa sehemu mbili za mvua, ambayo haina floridi, itawapa 1.1 hivi. Wanaoanza kupewa maji hayo wawe watoto walio chini ya miaka minane, kwa sababu meno yao ya ukubwani bado yanaumbika.

Ndugu mhariri, nina ekari tatu za zabibu Hombolo na kisima cha lita 2,000 kwa saa. Nimeomba kibali kwa matumizi ya nyumbani ili mambo yasiwe mengi. Nataka kufunga umwagiliaji wa matone.

Badilisha ombi kabla hujafunga bomba hata moja. Kibali hutaja matumizi, na kumwagilia zabibu za kuuza si matumizi ya nyumbani. Ukikutwa, utakuwa umevunja masharti ya kibali ambacho ungeweza kukipata kihalali.

Kisha angalia kama maji yanatosha. Milimita moja ya maji juu ya mita ya mraba moja ni lita moja, na ekari ina mita za mraba 4,047. Mizabibu ikihitaji milimita 3 kwa siku wakati wa jua, ekari moja inataka lita 12,000 na zote tatu lita 36,000, ambazo kisima chako kitazitoa kwa saa 18 za kuvuta bila kupumzika. Sikushauri. Anza na ekari moja na nusu, chini ya matandazo, uone kina cha maji kinavyokwenda hadi mwisho wa Oktoba.

Jambo la tatu ndilo linaloniogopesha kuliko hayo mawili. Hombolo inajulikana kwa chumvi, hata bwawa lake. Omba maabara ipime uwezo wa maji kupitisha umeme. Zabibu huanza kupunguza mavuno maji yakizidi desisimensi 1 kwa mita, ambayo maabara nyingine huandika kama maikrosimensi 1,000 kwa sentimita. Umwagiliaji wa matone huacha chumvi pembezoni mwa eneo lenye unyevu, na mvua ya kwanza kidogo huirudisha kwenye mizizi. Kwa hiyo siku mvua inapoanza kunyesha, usizime matone, acha yaendelee mpaka mvua iwe ya kutosha kuizamisha chumvi chini.

Jirani zangu wa Mkonze wananiomba niwauzie maji kwa dumu. Kibali cha kisima ninacho. Je, naweza kuanza?

Kibali cha bodi ya bonde kinahusu kuyachukua maji ardhini. Kuwahudumia watu wengine kwa malipo kunaongozwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya 2019, na ndani ya eneo la jiji mwenye dhamana ya huduma hiyo ni DUWASA, chini ya udhibiti wa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Nenda DUWASA kwanza ukiwa na kibali chako na majibu ya maabara, na urudi bodi ya bonde kubadilisha matumizi yaliyoandikwa. Vijijini ungekwenda RUWASA, wakala wa maji vijijini. Ninafahamu kwamba wapo wanaouza bila hatua hizo, na mara nyingi wanawasaidia watu kweli. Lakini siku maji yakimwumiza mtoto wa jirani, asiye na majibu ya maabara hana la kusema. Funga dira ya maji kwenye bomba la kuuzia na weka klorini kila siku. Madumu pia yasuguliwe ndani, kwa sababu maji safi yakiingia kwenye dumu lenye utando hayakai safi hata siku moja.

Tulichimba mita 130 Chihanga hatukupata maji. Kampuni iliondoka na kuacha shimo limefunikwa kwa jiwe. Mwanangu anataka kuliunganisha na karo la choo ili lisipotee bure. Mimi nina wasiwasi. – Mzee, Chihanga

Mzee wangu, shikamoo. Wasiwasi wako ni wa haki, na umzuie kijana leo. Shimo la mita 130 lisilo na maji kwako laweza kuwa limepita karibu na ufa unaopeleka maji kwenye kisima cha mtu mwingine, na kulimwagia kinyesi ni kukipeleka kina ambacho udongo hauwezi tena kukisafisha. Sheria inakataza kuingiza majitaka ardhini kwa namna hiyo. Jiwe lenyewe halitoshi hata kwa usalama wa watoto na mbuzi.

Lizibwe kabisa. Mimina kokoto safi zilizooshwa kutoka chini hadi mita 20 kutoka juu, polepole zisikwame njiani, kisha mfinyanzi mzito usio na mawe hadi mita 5, na mita za mwisho zijazwe zege na kufunikwa na udongo. Kifusi cha ujenzi na takataka visitumike. Aliyechimba ndiye aliyepaswa kufanya hivyo kabla ya kuondoa mtambo, na mkikubaliana na mchimbaji mwingine, sharti hilo liandikwe. Halafu mdai taarifa ya uchimbaji, hata kama ni ya shimo kavu, na mwipeleke ofisi ya bonde hapa Dodoma, kwa sababu mtaalamu atakayewapimia mahali pengine Chihanga ataanza na mwamba ulioandikwa humo, mita kwa mita.